Kubadili Mwajiri Ukiwa Ughaibuni: Somo kwa Kamati za Sharika

Wengi wenu mmezoea kusoma hapa habari za visima, vikoba, majiko sanifu na mbuzi wa maziwa. Safari hii somo letu ni tofauti. Linahusu vijana wetu wanaofanya kazi Oman, Qatar, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na kwingineko, na swali moja ambalo limetufikia ofisini mara nyingi kuliko mengine yote: "Kazi hii imemshinda, amepata nyingine, je, ahamie?"

Tunaliandika kwa sababu mbili. Kwanza, kamati za sharika ndizo zinazoulizwa swali hili kabla ya mtu mwingine yeyote, na jibu lenu lina uzito. Pili, sisi wenyewe tuliwahi kulijibu vibaya, na binti mmoja alilipa gharama ya jibu letu. Wafadhili wetu pia walilipa sehemu ya gharama hiyo, na wana haki ya kujua.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili, mjumbe wa kamati aweze:

1. Kueleza kwa nini mfanyakazi aliye ughaibuni hawezi kubadili kazi kama anavyobadili hapa nyumbani.
2. Kutaja hatua za kuhama kwa halali, na mahali pa kuuliza.
3. Kutofautisha shida ya mshahara na hatari ya mwili, maana majibu yake hayafanani.
4. Kuweka kumbukumbu zitakazomsaidia mshirika kabla shida haijatokea.

TULIVYOKOSEA

Mwezi Mei 2019 mama mmoja kutoka usharika wa pembezoni alikuja ofisini kwetu akiwa na katibu wa kamati ya maendeleo. Binti yake alikuwa Muscat tangu Machi 2018, akifanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka 2 na mshahara wa riali 80 za Oman kwa mwezi. Kwa miezi 4 alikuwa hajalipwa. Mama alitusikilizisha sauti ya binti kwenye simu. Alisema hapigwi, anakula, ila kila akiuliza mshahara anaambiwa asubiri. Kisha akasema kuwa mama wa nyumba ya tatu kutoka pale anamtaka, na atampa riali 100.

Tulijadiliana kwa muda usiozidi nusu saa. Katibu alisema kazi ni kazi. Sisi tukasema mtu hawezi kufanya kazi bure. Mmoja wetu akaongeza kwamba hata Maandiko yanakataza kuzuia ujira wa kibarua. Hayo yote ni kweli. Tukamwambia mama: mwambie ahamie.

Binti akachukua begi lake siku ya Ijumaa asubuhi, akahamia nyumba ya tatu. Wiki hiyohiyo mwajiri wa kwanza alitoa taarifa kwamba mfanyakazi wake ametoroka. Kuanzia hapo binti hakuwa tena mtu anayedai mshahara. Kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali ya kule, alikuwa mtoro. Mwajiri mpya hakubadilisha karatasi yoyote, na kwa kweli asingeweza bila barua ya mwajiri wa kwanza. Baada ya miezi 7, katika ukaguzi wa kawaida barabarani, binti aliombwa kitambulisho cha ukaazi. Alikaa mahabusu wiki 3, akarudishwa nyumbani Januari 2020, akaambiwa haruhusiwi kurudi. Riali zake 320 za miezi ile minne, ambazo kwa kiwango cha wakati ule zilikaribia shilingi milioni 1.9, hazikulipwa. Mshahara wa mwezi wa mwisho kwa mwajiri wa pili nao haukulipwa, kwa sababu hakuwa na mkataba wa kuonyesha. Tiketi ya kurudi ilitoka kwenye mfuko wetu wa dharura.

Tulipokwenda kumpokea, hakutulaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa nini hamkuniambia kwamba kile kitambulisho si changu peke yangu?" Somo hili ni jibu letu kwake, ingawa limechelewa.

KIBALI KIMESHIKWA NA NANI?

Hapa nyumbani, fundi akigombana na tajiri wake Jumatatu, Jumanne anaweza kuwa kwa tajiri mwingine. Haki yake ya kuwepo Moshi, Iringa au Dar es Salaam haitokani na kazi yake. Kwa mgeni katika nchi za Ghuba mambo sivyo. Anaruhusiwa kuwepo kwa sababu mwenyeji fulani, mtu au kampuni, amemdhamini. Utaratibu huo huitwa kafala, na mdhamini huitwa kafili. (Mzazi mmoja alisikia "kafara" akashtuka. Hapana, neno hili ni la udhamini.)

Hivyo kijana wetu ana karatasi tatu zinazotegemeana: mkataba wa kazi, kibali cha kazi na kitambulisho cha ukaazi. Zote tatu zina jina la mwajiri mmoja. Akiondoka kwa mwajiri huyo bila kuhamisha karatasi, anapoteza kazi na pia haki ya kuwepo nchini. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na haki kamili katika ugomvi wa mshahara, na bado akakamatwa.

Kuna mambo mawili ambayo yamewaponza wengi. La kwanza ni barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi, ambayo vijana huko huiita kwa kifupi NOC. Kwa miaka mingi bila barua hiyo hapakuwa na kuhama. La pili ni taarifa ya utoro, ambayo Saudi Arabia huiita huruub. Mwajiri anaweza kuitoa kwa haraka, wakati mfanyakazi anahitaji siku nyingi na msaada wa watu ili kuifuta.

SHERIA ZIMEBADILIKA, LAKINI SI SAWASAWA

Habari njema ni kwamba tangu binti yule arudi, sheria za nchi kadhaa zimelegezwa. Habari ya kuangalia ni kwamba kila nchi ina utaratibu wake, na watumishi wa nyumbani mara nyingi huachwa nyuma. Tumeona vijana wakipeana ushauri wa Qatar wakati wao wako Saudi Arabia. Huo ni ushauri wa hatari.

Qatar. Mwaka 2020 nchi hii iliondoa sharti la barua ya mwajiri kwa sheria namba 18 na 19 za mwaka huo. Mfanyakazi anaweza kuhama kwa kutoa notisi: mwezi 1 kama ametumikia miaka 2 au pungufu, na miezi 2 kama amezidisha miaka 2. Watumishi wa nyumbani nao wamo. Kama bado yuko kwenye muda wa majaribio, mwajiri mpya anatakiwa kumlipa wa zamani sehemu ya gharama za kumleta na tiketi, isiyozidi mshahara wa msingi wa miezi 2. Kuanzia Machi 2021 pia kuna kima cha chini cha mshahara cha riali 1,000 za Qatar kwa mwezi kwa kila mfanyakazi.

Oman. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 barua ya kutokuwa na pingamizi iliondolewa. Kabla ya hapo, aliyeondoka bila barua hiyo alizuiwa kurudi kufanya kazi kwa miaka 2. Lakini angalieni: ruhusa hii inahusu mtu ambaye mkataba wake umekwisha au umevunjwa kihalali, na ana uthibitisho. Haimruhusu mtu kuondoka katikati ya mkataba bila kuaga. Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2003 iliwaacha watumishi wa nyumbani nje, wakawekewa kanuni zao za pembeni. Kwa hiyo binti wa kazi za ndani asichukulie kwamba kila linalomhusu mfanyakazi wa kampuni linamhusu na yeye. Aulize ubalozini kwanza.

Saudi Arabia. Mageuzi yalianza tarehe 14 Machi 2021. Mfanyakazi wa kampuni aliyemaliza mwaka 1 anaweza kuhama bila idhini ya mwajiri, kwa kutoa notisi ya siku 90. Lakini mageuzi hayo hayakuwagusa watumishi wa nyumbani, madereva wa familia, watunza bustani, wachungaji wa mifugo na wafanyakazi wa mashambani. Hawa wana kanuni zao. Moja muhimu ni kwamba mtumishi wa nyumbani asiyelipwa mshahara wa miezi 3, iwe mfululizo au kwa kurukaruka, anaweza kuomba kuhamishwa bila idhini ya mwajiri. Uthibitisho wa kutolipwa ndio unaoamua.

Falme za Kiarabu. Sheria ya watumishi wa nyumbani namba 9 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 15 Desemba 2022. Inampa mtumishi haki ya kukaa na pasipoti yake mwenyewe, na siku 1 ya mapumziko kila wiki. Mwajiri anayefungia pasipoti kabatini anavunja sheria ya nchi yake, na kijana aujue ukweli huo kabla hajaikabidhi.

Na Ulaya je? Wapo wanaodhani udhamini ni wa Uarabuni tu. Uingereza nayo inawafunga wageni wengi kwa mwajiri mmoja. Mwenye viza ya kazi ya ujuzi akitaka kuhama hupaswa kupata cheti cha udhamini kutoka kwa mwajiri mpya, aombe viza upya, na asianze kazi mpya mpaka ombi likubaliwe. Mwajiri akiacha kumdhamini, kwa kawaida hupewa siku 60 za kutafuta mwingine au kuondoka. Wale wanaofuatana na matajiri wao kama watumishi wa nyumbani wameruhusiwa tangu 2016 kubadili mwajiri, lakini ndani ya miezi yao 6 tu, bila kuongezewa.

ALIYEFANIKIWA: MFANO WA DOHA

Mwaka 2022 mzee wa kanisa mmoja alitupigia simu. Kijana wake alikuwa mlinzi Doha kwa miezi 16, na kampuni nyingine ilikuwa imemwita kwa mshahara mzuri zaidi. Safari hii hatukujibu papo hapo. Tulimwomba kijana mwenyewe atupigie, tukamuuliza maswali matano: Kitambulisho chako kinaisha lini? Mkataba wako unao mkononi? Kampuni mpya imekupa barua ya ahadi ya kazi kwa maandishi? Unadai mshahara? Pasipoti iko wapi? Kisha tukamshauri awasiliane na ubalozi wetu Doha na wizara ya kazi ya kule kabla ya kumwambia mtu yeyote kazini.

Hatua alizofuata ni hizi:

1. Alipata barua ya kazi iliyosainiwa na kupigwa muhuri na kampuni mpya. Ahadi ya mdomo hakuitegemea.
2. Alihakikisha kitambulisho chake cha ukaazi bado ni halali.
3. Aliwasilisha notisi ya kuhama kwenye mfumo wa kielektroniki wa wizara, akiambatanisha mkataba wake na barua ile ya kazi. Kwa kuwa hakuwa amefikisha miaka 2, notisi ilikuwa ya mwezi 1.
4. Aliendelea kufanya kazi kwa mwajiri wa zamani mpaka siku ya mwisho ya notisi.
5. Baada ya ombi kupita, kampuni mpya iliandaa mkataba kwenye mfumo, akausoma, akausaini.
6. Kitambulisho kipya chenye jina la mwajiri mpya kikatolewa. Hapo ndipo alipoanza kazi mpya.

Msidhani yote yalikwenda kwa ulaini. Msimamizi wake alimwambia kwamba bila barua ya kampuni haendi popote, ingawa sheria haikudai tena barua hiyo. Katika wiki ya tatu alitishiwa kuripotiwa kuwa mtoro. Kijana alikuwa amejiandaa. Kila siku alipiga picha ratiba ya zamu na ukurasa wa mahudhurio wenye saini yake, akamtumia baba yake. Mzee alizihifadhi zote kwenye simu. Mtu mwenye picha 30 za mahudhurio si rahisi kumwita mtoro. Taarifa ya utoro haikutolewa, na baada ya wiki 7 kijana alikuwa kazini kwake kupya.

Ukilinganisha visa hivi viwili, utaona kwamba kijana wa Doha hakuwa na akili kuliko binti wa Muscat, wala ujasiri zaidi. Alikuwa chini ya sheria iliyolegezwa, tena kwenye kampuni na si ndani ya nyumba ya mtu. Lakini kubwa zaidi, aliambiwa utaratibu kabla ya kuondoka. Binti yetu hakuambiwa. Mwaka 2019 mlango ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwepo: kupeleka madai ya mshahara ubalozini na wizarani akiwa bado ana kitambulisho halali, na kuomba barua ya kuachiwa kama sehemu ya kumaliza shauri. Hatuwezi kuapa kwamba angeshinda. Tunajua tu kwamba angedai akiwa na karatasi mkononi, na asingekaa mahabusu kwa sababu yetu.

PENYE HATARI YA MWILI

Hapa tunaomba msome polepole. Yote tuliyosema juu ya notisi na subira yanahusu mtu ambaye mwili wake uko salama. Kama kijana anapigwa, anabakwa au anatishiwa kubakwa, ananyimwa chakula, anafungiwa, au ni mgonjwa na ananyimwa matibabu, asiambiwe asubiri mwezi wa notisi. Aondoke. Karatasi zitatafutwa baadaye.

Lakini aondoke kwenda wapi? Aende ubalozini, au kituo cha polisi, au hospitali, kutegemea kilicho karibu. Asiende kwa mwajiri mwingine. Tofauti hii ndiyo inayookoa. Anayefika ubalozini siku hiyohiyo ana shauri linaloeleweka: alikimbia madhara. Anayekutwa baada ya miezi akifanya kazi nyumba nyingine huonekana alikimbia kazi, hata kama alipigwa kweli. Kama ana majeraha, yapigwe picha na yaandikwe hospitali.

Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Novemba 2017 kuhusu watumishi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, na mateso yaliyotajwa humo ni ya kweli na mazito. Kamati isimshuku binti anayelia kwa simu. Na mzazi asimwambie "vumilia, mwanangu" kwa sababu nyumba haijaezekwa. Tumesikia maneno hayo yakisemwa, na tunaomba yakome katika sharika zetu.

KABLA YA SAFARI

Shida nyingi tulizopokea zilianzia hapa nyumbani, kabla ya ndege kuruka. Tunazishauri kamati ziwaeleze vijana na wazazi haya:

• Mkataba uthibitishwe na mamlaka za kazi. Tanzania Bara ulizeni kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA), na kwa Zanzibar ofisi za kazi za huko. Wakala wa mtaani asiye na leseni hana pa kushikwa mambo yakiharibika.

• Msafiri asiende kwa viza ya matembezi akiahidiwa kwamba "itabadilishwa huko". Aliyeingia kama mtalii hana mkataba wa kazi unaotambulika, na hana cha kuhamisha.

• Mkataba wa Kiarabu usisainiwe bila kusomewa kwa Kiswahili. Waulizeni: mshahara ni kiasi gani, muda wa majaribio ni miezi mingapi, notisi ni ya siku ngapi, na nani analipa tiketi ya kurudi.

• Pasipoti, viza na mkataba vitolewe nakala mbili: moja abaki nayo mzazi, nyingine ipigwe picha na kutunzwa kwenye simu.

• Mshahara upitie benki kila inapowezekana. Karatasi ya benki inaonyesha miezi iliyolipwa na miezi ambayo haikulipwa. Fedha ya mkononi haiachi alama.

• Namba ya ubalozi iandikwe mahali pengine zaidi ya simu, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kunyang'anywa. Binti mmoja aliishona ndani ya pindo la khanga. Tunaona ni busara.

KAZI YA KAMATI

Tunapendekeza kila usharika uwe na daftari la washarika walioko nje. Liwe na jina, nchi na mji, jina la mwajiri kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la wakala, tarehe ya kuanza mkataba, tarehe ya kwisha kwa kitambulisho, na namba ya ndugu wa karibu. Litunzwe na watu wawili tu, mchungaji na katibu, ndani ya kabati lenye kufuli. Habari hizi zisisomwe ibadani wala kupachikwa ubaoni, maana zikimfikia wakala mbaya zinaweza kumdhuru mtu.

Miezi 3 kabla ya kitambulisho kwisha, katibu ampigie ndugu: je, mwajiri anakifanyia upya? Kijana wetu anataka kubaki, kuhama au kurudi? Kuhama ni rahisi zaidi mkataba unapokaribia mwisho kuliko katikati. Anayepanga mapema hupita mlangoni.

Swali likija, kamati isijibu siku hiyohiyo isipokuwa kuna hatari ya mwili. Ulizeni maswali yale matano tuliyomuuliza kijana wa Doha, andikeni majibu, kisha mtupigie. Tanzania ina balozi Muscat, Doha, Riyadh, Abu Dhabi na Kuwait, na ubalozi mdogo Dubai. Saa za Doha na Riyadh ni sawa na zetu, Muscat na Dubai wametutangulia saa 1. Ofisi za serikali za Oman, Qatar, Kuwait na Saudi Arabia hufungwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi jioni si wakati wa kuanza kuhangaika. Jumapili baada ya ibada, wenzetu wako kazini.

Wakati mwingine kijana mwenyewe hataki ushauri. Amekwisha kuhama, na anatuambia baada ya miezi 2. Tusimfokee wala kumkata simu. Kuuliza si ujinga, na anayefokewa mara moja hatauliza tena. Mwambieni aende ubalozini akaulize namna ya kurekebisha hali yake. Nchi hizi hutangaza mara kwa mara vipindi vya msamaha ambapo asiye na kibali anaweza kurekebisha karatasi au kuondoka bila faini, na ubalozi huwa wa kwanza kupata habari.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Ndugu zetu mnaotuchangia kutoka ndani na nje ya nchi, mfuko wa dharura ulioanzishwa kwa ajili ya maafa umelipa tiketi za watu waliorudishwa. Tiketi ni msaada, lakini huja baada ya kila kitu kuharibika. Gharama ya kumpigia simu binti wa Muscat Mei 2019, kumtafutia mtu wa kumsomea mkataba na kuwasiliana na ubalozi ingekuwa ndogo mno kuliko nauli ya ndege. Kwa hiyo tumeamua kwamba sehemu ya mfuko huu itumike kwa vocha za simu, tafsiri za mikataba na semina za siku moja kwa makatibu wa sharika. Tiketi zitaendelea kulipwa pale inapobidi. Tutawaandikia matumizi yote kama kawaida.

Binti yule sasa ana mashine mbili za kushonea na wanafunzi watatu. Katika semina yetu ya kwanza alikubali kusimama na kueleza mkasa wake, kwa sharti kwamba jina lake na usharika wake visitajwe kwenye maandishi. Makatibu walimsikiliza kuliko walivyotusikiliza sisi. Alipomaliza, mjumbe mmoja alimuuliza kama angekwenda tena. Alisema ndiyo, angekwenda, lakini angesoma kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Usharika wetu una watu wangapi wanaofanya kazi nje ya nchi? Nani anajua tarehe za kwisha kwa vitambulisho vyao?

2. Mzazi akija leo na swali kama la mama wa mwaka 2019, tutamuuliza nini kabla ya kumjibu?

3. Binti anasema hajalipwa miezi 3 lakini hapigwi. Mwingine anasema analipwa lakini anafungiwa chumbani. Ushauri wetu kwa kila mmoja ni upi, na kwa nini haufanani?

4. Someni Kumbukumbu la Torati 24:14-15, kisha 23:15-16. Fungu la kwanza linahusu ujira wa kibarua, la pili linahusu aliyekimbia kwa bwana wake. Yanatufundisha nini juu ya wageni walioko kwetu? Je, watumishi wa ndani katika nyumba zetu wenyewe wana mkataba, siku ya mapumziko na mshahara wa kila mwezi? Tusiwadai Waarabu jambo tusilolitenda sisi.

5. Ni nani katika usharika wetu aliyewahi kufanya kazi nje na anaweza kuwafundisha wengine? Je, tumewahi kumwuliza?

Majibu ya swali la kwanza na la tano tunaomba yaandikwe na kuletwa ofisini kabla ya kikao kijacho cha makatibu. Mungu awabariki, na awalinde watoto wetu wote walioko mbali.